Ati "selfu ni ya mademu"?? Yule fundi wa stendi kanivuruga leo

Wakuu nimetoka huko sasa hivi mikono bado inatetemeka kwa hasira. Mnamjua, yule wa chini ya mwarobaini, ndoo yake imejaa spea za watu mpaka ukoo mzima unaweza kuunda pikipiki. Pikipiki yangu ukibonyeza selfu, kile kitufe cha kuwashia, inalia ta ta ta tu, haizungushi injini. Kaniuzia betri, ikafa. Kaniuzia mota ya selfu. Betri nyingine nayo ikaanza kutema maji na kunuka mayai viza, nikamwambia fundi pima chaji basi, mita si hiyo hapo kwenye ndoo! Akacheka hadi spana ikamdondoka, mbele ya abiria wangu na mama ntilie, "selfu ni ya mademu, dume linapiga kiki kwa mguu."

Mbele ya abiria! Abiria kashuka kapanda bajaji.

Nimeenda kwa kijana wa barabara ya pili, kaweka mita kwenye betri, kawasha, kavuta mafuta, volti zikapanda 16 na ushee wakati zinatakiwa zicheze 13.5 hadi 14.5. Regyuleta, kile kidude cha kudhibiti chaji, imekufa, inaikaanga betri! Mota yangu ya zamani ilikuwa nzima na kabaki nayo yule wa stendi. Halafu anicheke mimi, mbele ya abiria??

Kipago: Pole mkuu. Huyo huyo fyuzi yangu ilikata akafunga waya mtupu, nusu pikipiki iungue.

dogo_kijiwe: Ila mkuu kiki hupigi kweli? 😂😂

Mleta uzi: Wewe ndo yeye nini? Kiki napiga, naongelea mita ilikuwa KWENYE NDOO na anacheka!

Mama Skuta: Na sisi mademu tumewakosea nini? Selfu yangu inawaka asubuhi na mvua.

Waya Mwekundu: Kabla hujafunga regyuleta mpya kagua soketi yake na waya wa ethi unaofungwa kwenye fremu, kukiwa na kutu chaji itasumbua tena. Na usichukue feki.

Kipago: Feki zimejaa aisee, tairi nimenunua juzi tu limeshaota kitambi.

Bwana Harusi Mtarajiwa: Tairi afadhali. Fundi cherehani kanishonea suruali mguu mmoja unaishia kwenye ugoko na harusi Jumamosi, simu hapokei.

dogo_kijiwe: Weka picha ya suruali

Mama Skuta: Weka picha