Tupanue barabara au tutenge njia ya mabasi? Naombeni ushauri

Mleta mada: Wakuu, habari zenu. Nipo kwenye kamati ya mtaa, na tumeombwa maoni kuhusu barabara kuu inayotupitia: iongezwe njia moja kila upande, au njia moja ya zilizopo waachiwe mabasi peke yao. Mimi natembelea gari, kwa hiyo moyo uko kwenye upanuzi. Ila mhandisi mmoja kikaoni alisema tukipanua, foleni itarudi tu. Inakuwaje?

Kokotoa: Mkuu, usihesabu magari, hesabu vichwa. Njia moja, mambo yakienda vizuri kabisa, hupitisha magari kama 2,000 kwa saa. Mengi yana dereva peke yake. Hata ukiweka wastani wa mtu mmoja na nusu, hao ni 3,000. Basi la watu 80 likipita kila dakika ni watu 4,800, na lami bado nyeupe. TransMilenio, mabasi ya Bogotá kule Colombia yenye njia zake peke yake, hupitisha watu zaidi ya 40,000 kwa saa upande mmoja, ingawa pale mabasi yana nafasi ya kupishana vituoni. Na gari likishafika mjini linataka pa kulala kutwa nzima!

Dereva Mstaafu: Hesabu za karatasini hizo. Mabasi yenyewe yanajaa mpaka mlango haufungi. Nani ataacha gari lake kwa hilo?

Kokotoa: Sikupingi, mzee wangu. Njia tupu isiyo na mabasi ni kuudhi watu bure. Ila basi linalokwama foleni hupiga safari chache kwa siku. Litoe kwenye foleni, basi lilelile litarudi kuchukua abiria mapema.

Binti Ramani: Kuhusu foleni kurudi: Houston, Marekani, walipanua barabara kuu yao iitwayo Katy Freeway, kazi ikaisha 2008, sehemu nyingine ikafikia njia 26. Haikupita miaka mingi, safari za jioni zikawa ndefu tena. Barabara ikifunguka, waliokuwa wanakwepa saa za msongamano wanarudi, na nyumba zinajengwa mbali zaidi.

Mleta mada: Nimewaelewa. Naegemea mabasi, kwa sharti idadi yao kwa saa iandikwe kwenye mpango. Lakini pikipiki na magari ya wakubwa nani atayazuia yasiingie humo?

Dereva Mstaafu: Kamera na faini, tena bila kuangalia namba ni ya nani. Mstari wa rangi haujawahi kumzuia mtu.