Nyumbani Kibosho

[06:14] Dada Upendo: Shikamooni wakubwa. Jumanne Baba ana kliniki ya moyo hospitali ya KCMC. Nani anampeleka? Nataka jina, siyo 🙏

[06:15] Dada Upendo: Na nani kampa ile dawa ya gauti? Mama kaikuta kwenye koti.

[09:40] Elia: Mimi dada. Hiyo dawa, kolchisini, inatuliza uvimbe wa moyo baada ya shambulio la moyo kama la Baba. Utafiti wa 2019, wagonjwa 4745, ilisaidia.

[09:43] Dada Upendo: Na wa 2024 je? Wagonjwa 7062, haikuleta tofauti. Halafu figo za Baba unazijua, ile dawa inarundikana mwilini inakuwa sumu. Ameze alizoandikiwa basi.

[11:02] Baba Mdogo: Na ile ya kubana mkono kwa mashine ya presha? Mashine ninayo.

[11:05] Joshua Arusha: Ile uliyompimia mbuzi wa Krismasi? 😂

[11:06] Neema: Presha ya kuona kisu 😂😂

[11:10] Dada Upendo: Jamani! Baba Mdogo, ile hufanywa siku ya shambulio lenyewe. Wanabana dakika 5, wanaachia 5, mara 4, ili moyo usiumie damu ikirudi ghafla mshipa ukizibuliwa. Wamejaribu Ulaya kwa watu zaidi ya 5000, haikufaa. Baba ana miezi mitatu sasa tangu shambulio. Joshua, gari?

[13:30] Joshua Arusha: Gari lipo. Ila usiku ule wa shambulio nilipiga mimi kutoka Arusha, nyie wa Moshi mjini simu zimezimwa mpaka alfajiri. Zile saa ndizo zilizokula nyama ya moyo wake. Hakuna kidonge cha kuzirudisha.

[13:31] Neema: Hayo tuliyamaliza kwa Shangazi

[13:33] Joshua Arusha: Mliyamaliza nyie.

[19:47] Shangazi Mkubwa: Nimesomewa yote. Kaka yangu anameza kila mnacholeta ili msigombane. Kaniambia mwenyewe. Kati yenu nani amemwuliza anajisikiaje?

[20:31] Elia: Shikamoo Shangazi. Kesho naenda kuichukua ile dawa.

[20:33] Shangazi Mkubwa: Marahaba.

[20:40] Dada Upendo: Joshua, Jumanne saa moja asubuhi?

[21:52] Joshua Arusha: Sijaomba ruhusa kazini bado. Dada, nimempigia Baba. Akitoka mgombani kufika jikoni pumzi inamwishia. Na miguu inavimba. Wiki mbili sasa.

[21:53] Dada Upendo: Wiki mbili??

[21:53] Dada Upendo: Basi Jumanne ni mbali. Anaenda usiku huu. Nani wa Moshi yuko macho?