Naomba ushauri: kazini wananiita "Kanji" na kusema ni utani, lakini moyo wangu unakataa

Mjukuu wa Kinuni:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mhasibu katika kampuni moja hapa Mwanza, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Baba wa babu yangu alifika kanda hii kufanya kazi katika kinu cha kuchambua pamba. Babu alizaliwa hapa, baba alizaliwa hapa, nami nimezaliwa hapa, na India sijaikanyaga hata siku moja. Marehemu babu alikuwa akipatana bei za vipuri vya baiskeli na wateja wake kwa Kisukuma, lugha ambayo kwa bahati mbaya mimi sikuirithi zaidi ya salamu.

Ninayotaka kuyaeleza ni madogo madogo, na udogo wake ndio unaonifanya nione haya kuyalalamikia. Mgeni akija ofisini hunisikiliza dakika mbili, kisha husema, "Kiswahili chako kizuri sana, umejifunzia wapi?" Juzi nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, mama mmoja mwenye kapu la dagaa aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu kuwa ni hapa hapa Mwanza. Akacheka kwa upole, akasema, "Hapana mwanangu, kwenu kabisa." Ofisini nina jina langu zuri nililopewa na bibi, lakini tangu mwezi wa kwanza wa ajira naitwa "Kanji", jina la kiume ambalo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulitumia.

Lililonifikisha hapa ni kadi ya mchango wa harusi. Mwenzetu anaoa, na kamati iligawa kadi zikiwa zimeshaandikwa kiasi ambacho kila mtu anaombwa kutoa. Wenzangu wenye cheo kama changu na mshahara kama wangu waliandikiwa shilingi elfu hamsini, nami nikaandikiwa laki tatu. Nilipomtazama mweka hazina wa kamati akasema, mbele ya watu, "Kanji, nyie mkiamua mnaweza kutulipia ukumbi mzima." Wote wakacheka, nami nikacheka. Kadi hiyo bado imo kwenye droo yangu.

Je, huku ni kubaguliwa, au ni mimi niliyekuwa mwepesi wa kuumia? Na nikitaka kusema, niseme vipi? Nikinyamaza husemwa kuwa Wahindi tunajitenga, na nikilalamika nitaambiwa kuwa nina kiburi.

Ng'wana Igoma:

Mwangaluka, dada. Nakupa pole kwa kadi, maana hiyo kamati imekosa adabu, lakini katika hayo mengine naomba nitofautiane nawe. Nilifanya kazi Dar es Salaam miaka sita na sikuwahi kuitwa kwa jina langu. Niliitwa "Ngosha" tangu mlinzi wa getini hadi mkurugenzi. Waliigiza lafudhi yangu, wakaniuliza kama nimewaacha salama ng'ombe, na kila nilipochelewa walidai kwamba Msukuma ameshangaa maghorofa. Sikukasirika, kwa sababu mtu asiyetaniwa ndiye ambaye bado ni mgeni. Taifa hili limejengwa kwa utani wa makabila, na Mnyamwezi na Mzaramo wametaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani.

Ushauri wangu ni kwamba uwarudishie. Mwambie mweka hazina kuwa Kanji hachangi, Kanji anakopesha kwa riba, uone kama hatacheka kuliko siku ile.

Msomaji wa Pasiansi:

Ndugu Ng'wana Igoma, umeitaja nusu ya utani. Mtani anayekutania ndiye huyo huyo anayekuja msibani kwako, akachota maji, akafanya vituko mbele ya jeneza na kusamehewa, kwa sababu ana wajibu unaojulikana na wewe unao wa kwake. Utani una kwenda na una kurudi. Mweka hazina ana wajibu gani kwa dada huyu? Na hilo jibu la riba ulilomfundisha, hebu litazame tena: umempa nafasi ya kujibu, lakini umemtaka ajitukane mwenyewe ili wenzake wacheke.

Isitoshe, wewe ulipoitwa Ngosha hakuna aliyekuuliza kwenu kabisa ni wapi. Walijua kwamba ni Mwanza, na kwamba Mwanza imo Tanzania.

Fundi wa Mabatini:

Nimesoma maelezo ya dada kwa makini na nakubali kwamba yanauma. Lakini naomba nami niseme, kwa heshima zote.

Nilifanya kazi miaka tisa katika duka la familia moja ya Kihindi mjini hapa. Nilianza nikiwa na miaka thelathini na mitano, nikaondoka nikiwa na arobaini na minne, na muda wote huo niliitwa "boi". Mtoto wa mwenye duka, wa miaka kumi na miwili, aliniita kwa jina langu tupu bila shikamoo, akinituma soda. Chai tulipewa, tena ya maziwa na tangawizi, siwezi kusema uongo. Lakini vikombe vyetu vilikuwa vya bati, vikikaa chini ya sinki karibu na sabuni ya kudekia, na vya kwao vilikaa juu kabatini. Jioni kabla ya kutoka tulipanga mstari tukapapaswa mifuko. Hakuna siku niliyotukanwa. Mama mwenye duka alikuwa mpole, na mke wangu alipojifungua alinipa kanga mbili na sukari. Nikimwambia leo kwamba alinidhalilisha atalia, kwa kuwa kwa hesabu yake alinipenda.

Swali langu ni moja tu, dada. Umesema babu yako alikuwa na duka la vipuri. Kama bado lipo, yule mzee anayebeba mizigo pale anaitwaje?

Mwalimu Mstaafu:

Nawasalimu wote. Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini katika kanda hii, na naona mjadala unahitaji kurudi nyuma kidogo.

Dhana kwamba Mhindi ana hela na ana ujanja haikuanguka kutoka mbinguni. Wakati wa ukoloni, biashara ya pamba huku kwetu, kuanzia kununua kwa mkulima hadi kinu cha kuchambulia, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia. Wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani, na malalamiko hayo ni mojawapo ya sababu zilizozaa vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliunda muungano wa Victoria chini ya Paul Bomani. Kwa hiyo mzee wa kijijini anapomtania Mhindi kuhusu mizani, ana kumbukumbu. Ila kumbukumbu hiyo haimhusu binti mhasibu anayelipwa mshahara sawa na wenzake.

Upande wa pili nao una kumbukumbu zake. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, na kwa kuwa wamiliki wengi walikuwa wenye asili ya Kiasia, familia nyingi zilihama nchi. Waliobaki walijifunza kunyamaza na kucheka wanapochekwa. Mwanangu, kicheko chako mbele ya mweka hazina kina umri mkubwa kuliko wewe.

Kuhusu swali la "kwenu kabisa", hilo lilikwisha kujibiwa. Mwaka 1961, kabla ya Uhuru, bunge lilipojadili uraia, wapo wabunge waliotaka uwe wa Waafrika weusi peke yao, naye Nyerere akawapinga kwa ukali kwamba uraia hauwezi kupimwa kwa rangi. Amir Jamal, aliyekuwa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi, alizaliwa hapa hapa Mwanza mwaka 1922. Na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza ubaguzi na kuitaja rangi kwa jina lake. Nakiri, hata hivyo, kwamba Katiba haimkatazi mtu kukuita Kanji wakati wa chai.

Mkaazi wa Leeds:

Mimi ni mzaliwa wa Nyegezi, ninasoma Uingereza. Mambo haya yana jina huku, "microaggression", na aliyelitunga ni Chester Pierce, daktari Mmarekani mweusi wa magonjwa ya akili, mwaka 1970, akieleza vijembe vya kila siku ambavyo kimoja kimoja ni vidogo mno kuvishtakia. Huku mimi ndiye ninayeambiwa kwamba Kiingereza changu ni kizuri, mimi ndiye ninayeulizwa kwetu kabisa. Novemba 2022, katika kasri la Buckingham, mwanamke mweusi mzaliwa wa Uingereza, Ngozi Fulani, aliulizwa swali hilo hilo mara kadhaa na mama mmoja mzee aliyekuwa msaidizi katika kasri la kifalme, na mama huyo akajiuzulu na kuomba radhi.

Kabla ya kuja huku nilikuwa nawauliza Wahindi wa Mwanza kwao ni wapi, na sikuona lolote baya. Sasa naona aibu.

Ng'wana Igoma:

Mwalimu, shikamoo. Kwenye kadi na kwenye jina nimeelewa, na hoja ya Msomaji kuhusu wajibu wa mtani imenikaa. Lakini bado sikubali kwamba yule mama wa kivukoni ni sawa na mweka hazina, wala kwamba ni sawa na wa kasri. Bibi yangu wa Magu alimsifia Kisukuma kila aliyemsalimu, hata mwanangu mwenyewe aliyezaliwa Dar, na "kwenu wapi" ndilo swali la kwanza analomuuliza kila binadamu, akitafuta ukoo. Tukiwahesabia kosa watu kama hao, tutabaki tukiogopa kusalimiana.

Binti wa Ukerewe:

Mimi nina ualbino. Ninyi mnabishana kama jina ni tusi. Mimi nimekua nikiitwa "dili", yaani mali ya kuuzwa, barabarani na vijana waliokuwa wakicheka, katika kanda hii hii ambako watu kama mimi waliuawa na kukatwa viungo. Walikuwa wakitania, na sidhani kama hata mmoja wao angeweza kumdhuru kuku. Lakini mimi nilihama upande wa barabara, na mama yangu akaacha kunituma dukani jioni. Kwa hiyo, kaka Ng'wana Igoma, mimi simpimi mtu kwa nia yake, kwani nia yake siioni. Namwambia neno hilo linaniumiza, halafu nasubiri. Akiliacha, nampa hata ile soda ya kwangu. Akirudia, nimemjua.

Mjukuu wa Kinuni:

Nawashukuru wote, nami naomba radhi kwa kukawia. Niliposoma swali la Fundi wa Mabatini sikuweza kujibu, kwa sababu duka lipo, mzee yupo, na tangu nikiwa mtoto nimemwita kwa jina lake tupu. Mama humwita "boi". Jumamosi nilikwenda dukani, nikamkuta akifungua katoni za minyororo ya baiskeli, nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Aligeuka kutazama nyuma yake, kuona ni nani aliyeingia. Kisha akaitikia marahaba kwa sauti ndogo sana, akaendelea na katoni.

Kuhusu mama wa kapu la dagaa, nakubaliana na Ng'wana Igoma kwamba alikuwa akinitafutia ukoo. Pengine ningemtajia kinu ambacho baba wa babu yangu alifanyia kazi, tukajuana. Kadi nilikata laki tatu kwa kalamu, nikaandika elfu hamsini, nikaipeleka mwenyewe kwa mweka hazina akiwa peke yake, na kumweleza kwamba mshahara wetu ni mmoja na kwamba ninalo jina. Alinyamaza, akasema hakujua. Alipokuwa akiandika risiti akaanza, "Asante, Kan—", akajikata, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Miaka minne tumekaa meza jirani.

Jana nilikihamishia kikombe cha mzee kabatini, pamoja na vyetu. Leo asubuhi nimekikuta kimerudishwa chini ya sinki. Nimemuuliza mama, naye amesema hajakigusa.