Mtihani wa mkanda ukiisha na mazoezi ndiyo yameisha? Nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Jumamosi nimepanda mkanda wa kahawia wa karate, kyu ya 3 (daraja la tatu chini ya mkanda mweusi), mtindo wa Shotokan. Watu wananipongeza, lakini mimi kila nikiutazama mkanda wenyewe roho inaniuma.

Wiki 10 kabla ya mtihani dojo letu, ukumbi wetu wa mazoezi, liligeuka tuisheni. Kata (mfululizo wa miondoko uliopangwa) ya Tekki Shodan asubuhi, Tekki Shodan jioni, na zile kihon, mbinu za msingi, za kwenye karatasi ya mtihani, basi. Kumite huru, yaani kupigana wawili wawili, ikafutwa, eti tusije tukaumia. Wasiofanya mtihani wakawa kazi yao kukaa pembeni na kutuhesabia. Mwalimu akipita anarekebisha kile kinachoonekana kutoka kwenye meza ya watahini tu: kichwa kigeuke kwa kasi, kiai, ule ukelele, itoke mahali pake, gi, yaani sare, ipigwe pasi. Kuanzia kiunoni kushuka chini hakuna aliyeangalia. Funika kombe mwanaharamu apite!

Mtahini sasa, yeye aliangalia. Nilipofika kwenye nami-gaeshi, lile teke la kukunja mguu juu na kuurudisha palepale, mwili mzima uliinuka na goti la mguu niliosimamia likaanguka ndani. Nililisikia. Akaniandikia kuhusu kiba-dachi, ule msimamo wa miguu kupanuliwa kama umepanda farasi: "Kiba-dachi dhaifu. Magoti yanaingia ndani, vidole vya miguu vinatazama nje. Amefaulu, arekebishe." Hilo neno "arekebishe" ndilo la maana kuliko yote niliyoambiwa katika wiki zote zile.

Jumatatu nikaenda na karatasi mkononi. Tulikuwa wanne. Wanne, dojo ambalo wiki moja nyuma tulikuwa tunagongana viwiko! Nikampa mwalimu karatasi. Akaitupia jicho, akanirudishia: "Si umeshafaulu? Hayo yamepita. Leo tunaanza Bassai Dai, mtihani ujao hauko mbali."

Nikaitika "Osu", maana ndivyo tulivyolelewa, mwalimu hajibizwi. Nikaanza kata mpya juu ya magoti yaleyale mabovu. Usiku ule goti la kushoto liliniuma kila nilipopanda ngazi.

Hivi tunakimbilia wapi? Gichin Funakoshi, mzee aliyeitoa karate Okinawa akaifundisha Tokyo, ameandika kwamba kata tatu za Tekki zilimchukua miaka 10. Miaka, wakuu! Na alizifanya wakati karate haina mkanda wa mtu yeyote. Mikanda tumeichukua kwenye judo, na mikanda myeusi ya kwanza ya karate aliitoa Funakoshi huyohuyo mwaka 1924, akiwa ameshatoka jasho miongo kadhaa. Sisi Tekki moja tumeipa wiki 10, na siku ya kufungwa mkanda tukaizika.

Na nyinyi mliofaulu mkapotea, nanyi nawasema. Mlikuwa mnafika kabla ya mlango kufunguliwa, mnabaki mpaka taa zinazimwa. Leo hata ujumbe hamjibu. Mtarudi miezi miwili kabla ya mtihani mwingine, na sisi tulioendelea tutarudishwa nyuma tuwasubiri. Mkanda mweupe aliyeanza juzi anaona haya yote. Anajifunza nini kwetu?

Karatasi ya mtahini ingekuwa ndiyo ratiba ya mazoezi ya mwezi unaofuata. Mwenye magoti arudi kwenye magoti, mwenye hikite (mkono unaovutwa kiunoni) iliyolegea arudi kwenye hikite. Mtahini ameshaonyesha palipooza, kilichobaki ni kupashughulikia wakati mwili bado unakumbuka kosa.

Sitaki kuhama dojo, nimekulia pale. Kwa hiyo nauliza walimu na wakongwe mliomo humu: nani kwenu anarudi kwenye karatasi za mtihani baada ya watu kufaulu, na anaanzaje? Na hili goti, nipunguze upana wa kiba-dachi kwanza huku nikisukuma magoti nje, au nibaki na upana uleule nifupishe muda wa kusimama? Kesho naingia nusu saa kabla ya wenzangu, nataka niwe na pa kuanzia.