Faini ya 3,000 kwa kumtesa mnyama: Mombasa tuikaze sheria, au tutawaumiza wachuuzi?

Mkaazi wa Likoni
Jana saa saba mchana nilikuwa kwenye foleni ya feri, upande wa Likoni. Mbele yangu kijana wa bodaboda, kuku kama kumi wamening'inia kwenye usukani, miguu imefungwa kamba, vichwa chini. Wote midomo wazi. Mmoja akawa hatikisiki. Kijana akamgusa kwa kidole, akamfungua, akamtupa mtaroni, akarudi kwenye simu yake.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tunayo, Sura ya 360, ya kabla ya uhuru. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtwika kupita kiasi, kumshindisha njaa, hata kumbeba kwa namna ya kumtesa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwa shilingi 3,000 siku hizi hata mbuzi wa maana hupati. Na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti kazi ya ustawi wa wanyama. Basi hoja yangu: Mombasa itunge sheria yake kuhusu mifugo inayoletwa mjini, yenye adhabu inayouma. Mwasemaje?

Mama Kuku, Kongowea
Wewe umeona kuku kwenye foleni. Mimi ndiye mwenye kuku. Huyo aliyetupwa mtaroni ni hasara ya mtu, ameshakuwa kibudu, haliwi wala hauziki. Unadhani kuna sheria itakayoniuma kuliko hiyo? Hao wa bodaboda siwatetei, wamezidi. Lakini sheria yenu haitamshika yeye, ana magurudumu. Itanishika mimi niliyekaa sokoni na tenga langu.

Daktari wa mifugo
Tuanzie kwenye mwili. Kuku hana tezi za jasho. Joto lake la kawaida ni nyuzi 41 hivi, na akizidiwa, njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema, unyevu utoke kooni hewa iuchukue. Sasa hapa kwetu pwani hewa yenyewe imeshashiba maji, huo unyevu hauna pa kwenda. Ndiyo maana kuku atavumilia safari ndefu huko bara kwenye ukavu, aje kufia hapa jirani na soko. Mning'inize kichwa chini na mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu ndege hana kiwambo cha kutenga tumbo na kifua. Matumbo yanamlalia mapafu palepale anapohitaji pumzi.

Mbuzi na ng'ombe wana yao. Mnyama aliyechoshwa na kuogopeshwa muda mrefu kabla ya kuchinjwa huimaliza sukari iliyomo kwenye misuli. Nyama yake hutoka nyeusi, imekauka, na haikai sana kabla ya kuharibika. Wenye bucha wanaijua vizuri. Mteja huambiwa tu "hii ni ya dume".

Kanjo Hawanipati
Mnasoma vifungu, mimi nasoma bei ya chai. Leo faini ni 3,000, askari atataka 200. Ipandisheni iwe 50,000, atataka 2,000. Hiyo ndiyo tofauti mtakayoiona. Na tenga la mama likishapakiwa kwenye gari la kanjo, hao askari wa kaunti, kuku watalala huko bila tone la maji. Hapo mtamshtaki nani kwa ukatili?

Babu wa Makadara
Sisi wengine hatukungoja Sura ya 360. Tumefundishwa tangu chuo cha Kurani: ukichinja, noa kisu chako, mpumzishe mnyama wako. Lakini watu siku hizi wakiuliza halali wanatazama shingo tu. Nani kachinja, kapiga bismillahi? Sawa. Na kuanzia mnadani Mariakani mpaka kwenye kisu alikuja vipi? Mbuzi nshamuona akitolewa ndani ya buti ya basi, kafungwa miguu minne, ulimi nje, hajui asimame vipi. Hapo hakuna anayeuliza.

Kanjo Hawanipati
Babu, hilo ni la mimbarini, si la askari.

Babu wa Makadara
Mimbari nayo imenyamaza, mwanangu.

Mlamu Mjini
Msidhani serikali husukumwa na huruma. Angalieni punda. Machinjio yaliruhusiwa, ngozi zikawa zinakwenda China kutengenezewa dawa, punda wakaanza kuibwa watu wamelala. Kelele zilipozidi, Februari 2020 kuchinja punda kibiashara kukapigwa marufuku. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaifuta marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika ndio wakaafikiana kusimamisha biashara ya ngozi za punda. Aliyepiga kelele ni mwenye punda aliyeamka asubuhi akakuta kamba tupu. Kuku wa Kongowea atalindwa siku mwenye kuku atakapoona faida yake.

Mkaazi wa Likoni
Nimewasoma wote. Nashikilia kwamba 3,000 ni mzaha, na wa bodaboda lazima akomeshwe, haihitaji hata kipimo kumuona. Ila Mama Kuku amenigusa, na Mlamu kamalizia. Kaunti inatoza ushuru sokoni. Basi sheria ianze na kaunti yenyewe: kivuli na bomba la maji pale kuku wanaposhushwa. Ikishindwa hilo, haina uso wa kumkamata mtu kwa kiu ya kuku. Baada ya hapo ndipo tuje kwenye matenga: ukubwa gani, kuku wangapi.

Mama Kuku, Kongowea
Kivuli na maji, hapo umesema, mwanangu. Hata mimi mwenyewe nakiota hicho kivuli. Lakini kwenye matenga ngoja kwanza. Langu laingia kuku 20. Mkisema 12, matatu inatoza kwa tenga, haihesabu kuku. Hao 8 waliobaki nyumbani nani atawalipia nauli? Nikiwalipia mimi, utalipa wewe kwenye bei.

Daktari wa mifugo
Mimi sijataja 12, mama. Inategemea upana wa tenga, uzito wa kuku na saa ya safari. Ukiwasafirisha alfajiri jua halijatoka, tenga lilelile lina nafuu kubwa kuliko saa sita. Na la mti lililo wazi pande zote si sawa na la plastiki lililozibwa gunia.

Mama Kuku, Kongowea
Langu ni la mti, na gunia naweka juu tu. Njoo Jumamosi na futikamba yako ulipime. Uliza Mama Kuku, nyuma ya wauza nazi. Na uje mapema, saa nne nimeshauza nusu.