Tupeane uzoefu: maji yanayotuama ndani ya boti ndogo za injini

Mwanzisha mada: Boti nyingi Ggaba na Masese, mialo ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, hulala majini bila turubai. Boti ya mita 6 kwa 1.5 ikinyeshewa milimita 30 hukusanya hadi lita 270, yaani kilo 270, na zote hukimbilia tezi, yaani nyuma ya boti, palepale injini inapoelemea. Wajuzi, mnayatoaje?

Fundi mbao: Ndugu, kabla ya pampu tafuta yanakoingilia. Vuta boti nchi kavu, ikaushe, kisha mimina maji ndani, kina cha vidole viwili tu, uangalie nje yanakochuruzika: mishono ya mbao, matundu ya boliti za injini, kizibo cha tezi. Usiijaze, mbao zitaachana kwa uzito. Mshono unaovuja utolewe pamba yote kuukuu, ukaushwe, ndipo ukalafatiwe upya, yaani uzibwe kwa pamba mpya. Kugongelea pamba mpya juu ya iliyooza ni kupoteza pesa. Kizibo kikivuja, mara nyingi ni mpira wake umekauka.

Halafu matundu ya chini ya mataruma, zile mbavu za boti! Magamba na mabaki ya mukene (dagaa) huyaziba, maji yakabaki vyumba vyumba ambako pampu haifiki. Pitisha kamba ya nailoni kwenye matundu yote, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, uiache humo. Kila mnapoosha boti, ivute mbele na nyuma. Maji yasiyo na chumvi huozesha mbao upesi, kwa hiyo ziwani kwetu kazi hii hairukwi.

Fundi umeme: Pampu ya volti 12 iliyoandikwa galoni 1,100 kwa saa ni kama lita 69 kwa dakika. Ikipandisha maji mita moja kwa betri iliyochoka, hupati kiasi hicho. Mpira wa kutolea maji uwe laini kwa ndani, si wa mikunjo. Mdomo wake ukae juu ya usawa wa maji hata boti ikiwa na shehena kamili, la sivyo pampu ikizimika ziwa litarudi kwa njia hiyohiyo. Swichi ya kuelea, inayowasha pampu maji yakipanda, ipate waya wake kutoka betri, na fyuzi karibu na betri, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikizimwa usiku. Chujio likaguliwe: mizizi ya gugu maji hulijaza. Ukinusa petroli chini, usiwashe chochote. Yachote maji hayo kwa kopo la plastiki, uweke kwenye jerikeni, usimwage ziwani.

Mwanzisha mada: Na kufungua kizibo boti ikikimbia?

Fundi mbao: Ni kwa boti nyepesi inayopanda juu ya maji kwa kasi tu, na ukifunge kizibo kabla ya kupunguza mwendo. Boti ndefu ya mbao yenye mzigo, kamwe.