Tupeane uzoefu: wenye gari za turbo hapa Dar, pesa inaishia wapi?

Mleta mada (Tabata)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaomiliki gari ya turbo (feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini) kwa kuipenda, wale ambao wakisikia ule mluzi injini inapovuta wanazima redio wausikilize vizuri. Kila mtu aseme: kwenye kuitunza, kuitengeneza au kuiongezea nguvu, pesa yako imeishia wapi? Kwenye turbo yenyewe au kwenye vikorokoro vinavyoizunguka? Mimi msimamo wangu nausema mapema: turbo inasingiziwa.

Naanza. Nina Subaru Forester XT, SG5, injini EJ205, ile ya cc 1,994 na nguvu farasi 220 za kiwandani. Ilianza kuchoka. Ukiikanyaga kupanda Kimara inavuta kidogo halafu inakata pumzi, nyuma moshi mweusi, na wese inakunywa balaa. Fundi wa kwanza aliisikiliza ikiwa silensa tu (imewashwa, haijakanyagwa) akatoa hukumu: "Bosi, turbo imekwenda hiyo." Na papo hapo anaye mtu mwenye turbo ya mtumba kutoka Japani, bei ya kishkaji, tuifunge leo leo.

Nikaenda kwa mwingine. Huyu alichomoa bomba la hewa upande wa filta, akaliziba kwa kifuniko alichojitengenezea kwa kipande cha bomba la maji na valvu ya tairi. Akaingiza hewa ya kompresa, kidogo kidogo, huku anapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio na kila klipu. Kimya, kimya, halafu mpira unaotoka intakula (kipoza hewa ya turbo) kwenda throtoli (mlango wa hewa wa injini) ukaanza kutoa mapovu upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uushike na kuukunja. Ufa mdogo tu. Injini ikiwa silensa ufa unajifunga, busti (presha ya hewa ya turbo) ikipanda unafunguka.

Ndiyo maana moshi ulikuwa mweusi. Sensa ya hewa inakaa mwanzoni kabisa, karibu na filta. Inahesabu hewa iliyopita, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inapima mafuta kulingana na hesabu hiyo, kumbe nusu ya njia hewa imetorokea pembeni. Mafuta yanabaki mengi kuliko hewa. Mpira ukabadilishwa, klipu mpya, gari ikarudi. Turbo ni ile ile mpaka leo.

Mdau wa Sinza

Nimevuta kiti. Mafundi wenyewe wapite humu watujibu.

Fundi (Ilala)

Nimepita, kaka. Na nakubaliana na mleta mada zaidi ya nusu. Turbo nyingi ninazoletewa kama "mbovu" ukizifungua utakuta ama ni nzima, ama zimekufa kwa njaa ya oili.

Elewa kitu kimoja. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kwenye nyingi za gari zetu hakuna beringi za gololi mle ndani, ni bushi zinazoelea juu ya utando wa oili. Utando ukikosekana kwa muda mfupi tu, chuma kinasugua chuma. Kwa hiyo kabla hujanunua turbo fanya hivi: injini ikiwa imepoa, toa bomba la hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole. Ukiisukuma huku na huku, kucheza kidogo ni kawaida, usikimbie. Ukiivuta nje na kuirudisha ndani, isicheze kabisa. Ikicheza hapo, au mapanga yakiwa yamekwangua ukuta wa nyumba yake, basi kweli imekwenda.

Turbo ikitoa moshi wa bluu pia msiwahi kuihukumu. Oili inaingia turbo kwa presha lakini inatoka kwa kushuka yenyewe kurudi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini). Bomba la kurudia likiziba, oili inajaa, inatafuta njia, inapita kwenye sili na kuingia eksozi. Mara ngapi nimekuta limezibwa na silikoni ya gasketi! Mtu anapaka kama anapaka siagi kwenye mkate, inayozidi inabanwa ndani, inakatika, inasafiri. Hapo utabadilisha turbo mbili na moshi uko pale pale. Angalieni na valvu ya PCV, ile inayotoa gesi za ndani ya injini, injini ikishindwa kupumua matokeo ni hayo hayo.

Na nyie wa Subaru zenye AVCS (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka): ndani ya ile bolti yenye tundu, inayoshika bomba la oili linalokwenda kwenye turbo, kuna kichujio kidogo cha wavu. Nikikitoa kwenye gari iliyocheleweshewa oili nakikuta kimejaa uchafu mweusi, mwanga haupiti. Turbo mpya ukiifunga juu ya kichujio hicho, umeiua kabla hujatoka gereji.

Mdau wa Kigamboni

Fundi, ahsante, hiyo ya silikoni nimecheka kwa uchungu. Mimi naongezea maji. Huku kwetu maji ya kisima yana chumvi, na dereva wa gari niliyonunua alikuwa anaongezea hayo hayo kwenye rejeta. Nilipofungua njia za maji zinazopita kwenye turbo zilikuwa zimejaa ukoko wa kutu. Nimehamia kuleni (dawa ya rejeta) ya kuchanganya na maji ya betri yasiyo na madini, hata ya akiba kwenye buti ni hiyo. Gereji wananiita mdosi, poa tu.

Mdau wa Mbezi

Mnaongea Subaru tu, na sisi wa dizeli je? Prado 120, injini 1KD. Taa ya oili ilianza kupepesa nikikata kona, kumbe oili ipo ya kutosha kwenye stiki. Rafiki yangu mmoja anayezijua hizi akaniambia usiwashe tena, shusha sampo. Tukashusha. Chujio la kunyonyea oili lilikuwa limezibwa na kitu kizito cheusi, lami kabisa.

Chanzo kiko juu, siyo chini. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayoziba moto wa silinda. Ikichoka, gesi chafu inavuja kuingia sehemu ya valvu, inachanganyika na oili, oili inageuka lami. Wa kwanza kukosa oili ni turbo, halafu krenki. Ugonjwa huu kwa 1KD unajulikana dunia nzima, lakini wengi hapa mjini wanabadilisha turbo na kurudisha sampo bila kuifungua. Nozeli zikitolewa kwa sababu yoyote, washa mpya. Siyo kugeuza ile ya zamani upande wa pili, jamani.

Dada wa Mikocheni

Hodi humu. Nina Golf GTI ya kizazi cha tano, 2.0 TFSI. Kabla ya yote, mafundi mnieleweshe: kwa nini mkimaliza kupima mnamweleza kaka yangu aliyenisindikiza tu, wakati gari ni yangu na pesa ninazo mimi?

Haya. Kwenye injini hii kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) na pampu ya mafuta ya presha kubwa. Kamshafti inakisugua maisha yake yote. Kikivaa kinatoboka, na baada ya hapo kinacholiwa ni kamshafti na pampu. Kukiangalia ni bolti chache tu, na kikombe ni bei rahisi ukilinganisha na kitakachoharibika. Mimi nakitoa kwenye sevisi, nakigeuza mwangani; ile rangi nyeusi ya juu ikiisha katikati nanunua kingine. Nilipokuwa sipati busti ya kutosha, ilikuwa ni mpira mwembamba ndani ya valvu ya kurudisha hewa umechanika. Turbo, mleta mada, haijaguswa. Na oili ya gia boksi ya DSG (otomatiki ya klachi mbili) kila kilomita 60,000, atakayekwambia ni ya maisha mwambie akuandikie na kusaini.

Mdau wa Sinza

Dada ameua. 😂

Mzee wa Upanga

Vijana, mimi ninayo Subaru Legacy ya turbo mbili, BH5. Kila anayeiendesha anarudi kuniambia ina tatizo, kwamba kwenye mizunguko elfu nne hivi inasita kabla ya kuvuta tena. Haina tatizo. Hapo ndipo turbo ya pili inapoingizwa kazini, ndivyo ilivyoundwa. Mipira midogo ya vakyumu iliyoko mle ndani ukiihesabu utachoka. Fundi akichomoa hata mmoja kwanza apige picha.

Hizi taima za kuacha injini inanguruma umeshashuka ninyi mnazipenda sana. Ukitoka barabara ya Kibaha umekimbiza, ni sawa, endesha taratibu mwendo wa mwisho au iache kidogo, maana oili ikisimama kwenye chuma chenye moto mkali inaungua na kuwa mkaa. Lakini umetoka kwenye foleni ya Buguruni unatambaa saa nzima, unapoza nini?

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Taima yangu naing'oa kesho.

Mdau wa Kijitonyama

Nije kwenye kutuni (kuiongezea injini nguvu), maana ndiko pesa inakoteketea. Nina Toyota GX110 iliyotoka na injini ya 1G, nikaitia 1JZ-GTE ya VVT-i, ile ya turbo moja, farasi 280. Injini ilikuwa sehemu rahisi. Kilichofuata ni pampu ya mafuta, rejeta kubwa, breki, difu, waya. Bajeti yoyote uliyonayo ya kubadili injini, hiyo ni ya injini tu, usijidanganye.

Baadaye nikataka busti zaidi. Vijana wengi wanafungiwa kile kikontrola cha busti cha kuzungusha kwa mkono, fundi maiko (wa kubahatisha) anakaza skrubu, gari inaruka, watu wanashangilia. Kumbukeni injini hizi zilipangwa kwa petroli ya bei ya juu ya Japani, karibu okteni 100. Yetu haifiki huko. Ukiongeza busti joto la silinda linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na kelele yake ndani ya gari yenye eksozi kubwa huisikii. Kontroli boksi inajitahidi kuchelewesha moto, ikizidiwa basi. Jamaa yangu mwenye Subaru WRX alifanya hivyo, barabara ya Bagamoyo usiku, pistoni ya silinda namba nne ikakatika kingo za ringi. Imenoki. Akaifungua, akaenda kutafuta nusu injini mtaa wa Gerezani, kwenye spea.

Mimi nilifuata njia ndefu. Kwanza kipimo cha mchanganyiko kwenye eksozi, yaani hewa ni mara ngapi ya mafuta. Ukitembea taratibu kisome 14.7, ukikanyaga na busti imepanda kiwe 11 na kitu. Kikielea 13 huku busti imejaa, achia mguu haraka. Plagi nikapunguza uwazi, maana busti kubwa inazima cheche. Halafu anayetuni akaja na laptopu, tukarekodi, akasahihisha, tukarekodi tena. Hakuongeza busti hata chembe mpaka aliporidhika hakuna uvujaji popote. Alipomaliza gari haikuwa na makeke, ila saa saba mchana foleni ya Ubungo geji ya joto imetulia. Na kwa mjini wenye tochi za trafiki na vibao vya 50, farasi wote hao unawapeleka wapi, sijui, lakini nawapenda.

Fundi (Ilala)

Mkuu wa Kijitonyama umemaliza. Ongezea oili: dumu la lita nne la oili ya kueleweka haliuzwi bei ya soda, mkipewa bei ya ajabu jiulizeni. Na kila kilomita 5,000, joto na foleni ya Dar haviendani na zile 10,000 za kwenye kitabu.

Mdau mpya (Goba)

Wakuu, nataka kununua Forester XT iliyotumika hapa hapa Dar. Nikienda kuiangalia nishike wapi?

Mleta mada

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti, iwe ya baridi. Ukikuta ya moto wameshaipasha ili kuficha kitu. Washa, angalia moshi. Iache silensa dakika tano, halafu mwenzako asimame nyuma ukanyage: wingu la bluu likitoka, ni sili za turbo, bomba la kurudia au sili za valvu, usikadirie kwa macho. Omba kipimo cha kompresheni silinda zote nne, tofauti kati yao ndiyo ya kuitazama kuliko namba yenyewe. Uliza taiming belti ilibadilishwa kilomita ngapi, inatakiwa kila 100,000, na mtu asiye na risiti hesabu haijabadilishwa. Ukikuta valvu inayopiga "pshhh" hewani, yaani inamwaga hewa ya turbo nje, na kontrola ya skrubu, punguza bei au ondoka.

Jumamosi nipo Tabata, nipigie PM kama unataka tukaione pamoja. Ila asubuhi.